Nilikuomba Mtu, Ukanitumia Jongoo

Nyumbani
3 Machi

Kwako mdogo wangu Mpishi,

Simu yako haipatikani tangu mwaka jana, kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi kama watu wa zamani. Barua hii naiacha ofisi ya mabasi, waiweke kule unakochukulia mizigo. Ukiisoma ujue kwamba bado sisi ni ndugu.

Sitazunguka sana. Nataka uje ukae na Mama mwezi mmoja, au mmoja na nusu. Sikuombi hela, wala zile bati ulizoahidi za kuezeka chumba cha nyuma. Nakuomba wewe mwenyewe, na mikono yako miwili.

Hujui siku zangu zilivyo, ngoja nikuambie moja. Naamka jua halijatoka, namgeuza Mama, namkalisha, namnyanyua hadi kwenye kiti cha choo. Tangu kiharusi upande wake wa kulia umelala, lakini uzito wake haukulala. Namwosha, namlisha, namweka kwenye kiti chake karibu na dirisha na mito pande zote asianguke. Jirani anamtupia jicho, mimi nakimbia karakana. Siku hizi nashona kola tu. Zamani nilikuwa nashona shati zima la shule, msimamizi kanishusha kwenye kola kwa sababu nachelewa. Nikirudi jioni naanza upya: geuza, nyanyua, osha, lisha.

Na haongei na mimi. Daktari alisema maneno anayo machache, ila akiamua. Kwangu hajaamua. Ananitazama kama mteja anavyomtazama fundi aliyemharibia kitambaa.

Nimechoka, mdogo wangu. Huu si uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Huu umehamia, umepanga chumba.

Njoo.

Dada yako


Hotelini
14 Machi

Dada yangu kipenzi, dada yangu wa pekee (maana hakuna mwingine),

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, masufuria yanachemka nyuma yangu. Pole sana, na kiasi ninachoongeza juu ya hiyo pole hakiandikiki.

Kuja sasa hivi ndiyo shida. Huu ndio msimu wa wageni, bosi akisikia neno ruhusa atanimeza mzima. Halafu nikija nataka nije kama mtu, na bati zangu juu ya gari, siyo nije nikunje miguu kwenye kiti chako nikiulizwa na majirani nimeleta nini. Nivumilie kidogo.

Lakini sikukuacha hivi hivi. Pamoja na barua hii kuna boksi. USILITIKISE. Lifungue polepole, na usipige kelele kama ulivyopigaga siku ile ya mjusi. Ndani kuna mgeni: jongoo. Mweusi, mnene kuliko kidole gumba, mpole kuliko mimi na wewe. Kuna mama mmoja huku anawafuga na kuwauza, na watu wananunua kweli, acha kucheka. Kibandiko chake kiko ubavuni mwa boksi.

Mama alikuwa msusi. Vidole vyake havijawahi kukaa bure, na nadhani hicho ndicho kinachomuua, kuliko hata kiharusi. Mweke huyu mgeni kwenye mkono wake mzima atembee. Ukiona Mama anakereka, mrudishe.

Kumtunza ni rahisi. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Majani makavu yaliyooza na vipande vya mti uliooza ndiyo chakula chake, ukimwongezea na kipande cha tango ataona ameolewa vizuri. Maganda ya mayai yasage umwagie juu. Usimweke juani. Mkimshika, nawa mikono, ana maji yake ya hasira yanayochafua ngozi na kuwasha macho.

Naona nimemaliza. Kama kuna kitu nimesahau nitakuandikia.

Mdogo wako,
Mpishi


Nyumbani
25 Machi

Mpishi,

Nilikuomba mtu, ukanitumia jongoo.

Nimeliandika hilo nikaliangalia, nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Mdudu tunayemfagia uani kila mvua ikinyesha, wewe umekwenda kumnunua! Umempakia kwenye basi! Utingo ananikabidhi boksi anauliza, "Dada, humu mna nini, mbona linakwaruza?" Nikamwambia viatu.

Nilikuwa nimekasirika, sikufichi. Boksi nililiacha chini ya meza bila kulifungua. Jioni nikalifungua ili nilitupe vizuri, naye akatoka taratibu, antena zake zinapapasa meza kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Sikupiga kelele. Nilikuwa sina nguvu za kupiga kelele.

Mama akasema, "Lete."

Umesikia? Miezi mingapi namwuliza unataka maji, unataka kulala, unataka nigeuze, naambulia kimya. Kwa jongoo anasema lete. Nikampa. Nikamlaza kwenye kiganja chake cha kushoto, akaanza kutembea, miguu yake yote ile inakwenda kwa zamu kama nywele zinavyosukwa. Mama akamtazama kwa makini, jinsi alivyokuwa akitazama kichwa cha mtu. Jongoo alipofika kwenye kifundo cha mkono Mama akamrudisha mwanzo.

Sasa ndiyo kazi yetu ya kila jioni. Namsogezea meza, anaweka mkono, anasubiri. Wiki hii alimhamishia kwenye mkono wa kulia, ule uliokufa. Kidole kimoja kilicheza. Inawezekana ni mimi niliyetaka kicheze.

Kwa hiyo asante. Lakini jongoo hanyanyui mtu, mdogo wangu. Mgongo wangu bado ni ule ule. Ombi langu la mwanzo bado sijajibiwa.

Dada yako


Nyumbani
20 Aprili

Kwa mwenye kufuga jongoo, anwani nimeitoa kwenye kibandiko,

Hunijui. Kaka yangu, yaani mdogo wangu, mpishi wa hoteli huko kwenu, alinunua jongoo kwako akamtuma kwa mama yetu mgonjwa. Namba yako ya simu nimeipiga haipokelewi, ndiyo maana naandika.

Nimemuua.

Alijichimbia ndani ya udongo. Siku ya kwanza nikasema amelala. Zikapita nyingine, na nyingine. Tango linaoza juu, haligusi. Kila jioni mama yangu anaweka mkono mezani anasubiri, na mimi namwambia kesho, kesho. Nikaona amekufa ananiozea ndani. Nikachukua kijiko, Mama amesinzia kitini, nikafukua.

Alikuwa mweupe. Laini kama mkate uliolowa, amejikunja kwenye kishimo alichojitengenezea. Kijiko kilimgusa tu, akapasuka. Alikuwa hai, nikaona miguu. Halafu ikasimama. Niliketi sakafuni nikalia kwa ajili ya jongoo, mimi, mtu mzima, mshona kola.

Nataka kununua mwingine. Awe mweusi hivyo hivyo, mnene hivyo hivyo, asigundue mtu. Mama asijue. Mdogo wangu naye asijue, ndicho kitu pekee alichowahi kututumia kwa muda mrefu. Na tafadhali fanya haraka. Nitakuambia kwa nini, kwa kuwa hunijui na hutanihurumia mbele za watu.

Nina uvimbe kwenye kizazi. Damu inanitoka hadi nashona nimesimama nikiogopa kiti. Natakiwa kupasuliwa. Nimeshaahirisha mara mbili kwa sababu sina wa kukaa na Mama, na jirani ana watoto wake. Sasa wamenipa tarehe ya mwisho, niingie wodini tarehe kumi Juni, nisipofika kitanda anapewa mwingine. Na baada ya hapo wanasema nisinyanyue kitu kizito kwa wiki kadhaa. Mama yangu ndiye kitu kizito chenyewe.

Mdogo wangu sijamwambia. Nataka aje kwa kuwa nimemwita, asije kwa kuwa anaogopa nitakufa. Labda ni kiburi. Mpaka atakapokuja, lile boksi ndilo pumziko langu pekee. Mama akimwangalia jongoo mimi napata kukaa, nanyoosha miguu, hakuna anayenihitaji.

Niambie malipo niyatume kwa basi.

Mteja wako


Kwenye mabanda
29 Aprili

Mteja,

Simu sipokei. Watu wananipigia kuuliza kama jongoo anaruka, halafu wanacheka na kukata.

Nimesoma barua yako nikakasirika, nikaisoma tena hasira ikaisha. Tuanze na hili: jongoo akijichimbia hajafa. ANAJIVUA. Gamba la zamani limembana, anakwenda chini, anatengeneza chumba, anafunga mlango, analitoa. Huko anakuwa mweupe, laini, hana meno wala silaha. Ukimgusa ndiyo basi. Anaweza kukaa wiki nyingi. Hali, hanywi, hataki kuonwa. Akimaliza analila gamba lake la zamani apate nguvu, halafu anatoka mwenyewe. Na akitoka bado ni laini, usimshike, usimpe mtu mkononi, mwache akauke kwanza. Hii ni sheria ya kwanza kabisa ya kufuga na haikuandikwa popote kwenye boksi lako. Aliyekupa alikupa mnyama akakunyima nusu ya maelezo.

Nakutumia mwingine. Udongo ujaze uwe na kina kuliko urefu wake mwenyewe. Akishuka, MWACHE. Weka kijiko jikoni.

Malipo usitume. Ila hapo kuna jambo sikulielewa. Mpishi wa hoteli sijawahi kumuuzia. Hoteli kubwa ya huku ilifungwa zamani, sasa wanalala popo. Mpishi ninayemjua ni mmoja tu, mtu wangu wa udongo. Ilipofungwa hoteli alikuja hapa kuomba kazi yoyote, nikampa ya kuchekecha udongo na kuokota majani yaliyooza. Analala stoo na maboksi. Mtu mzuri, anaimba vibaya. Yeye ndiye anayepaki mizigo. Alipoona anwani kwenye mzigo wako alikaa juu ya gunia, halafu akaniambia huyu asilipe, nimkate yeye mshahara. Nikamwuliza unamjua? Akasema hapana.

Mimi si mtu wa kuchunguza mambo ya watu. Nakuandikia nilichokiona tu.

Mama Jongoo (jina hili mlinipa ninyi wateja, mimi sikulitaka)


Nyumbani
6 Mei

Mdogo wangu Mpishi,

Wageni hotelini hawajambo? Naamini bado wanakusifu mchuzi wako.

Huku jongoo mzima kabisa, anakula, anatembea. Sijui ni macho yangu, naona kama amenawiri kidogo kuliko alivyokuja. Labda ni hewa ya huku. Mama alipompokea alimtazama muda mrefu sana, halafu akanitazama mimi. Akaanza kumtembeza.

Naota siku hizi naona stoo. Chumba kisicho na dirisha, maboksi hadi juu, mtu amejilaza katikati kwa ubavu. Naamka najiuliza kama ana blanketi. Ndoto za kijinga. Wewe hotelini wanakupa blanketi, au siyo?

Mdogo wangu, nakuomba mara ya mwisho na sitaandika tena ombi hili. Uwe hapa kabla ya tarehe kumi Juni. Njoo kwa miguu kama gari hakuna. Njoo na shati moja. Usiniulize kwa nini.

Dada yako


Hotelini
20 Mei

Dada,

Wageni wazima, mchuzi mzima. Blanketi ninalo, zito kabisa, la hoteli.

Kwa hiyo jongoo amenawiri? Nimefurahi sana. Ni yule yule, eti? Hao ni viumbe wa kudumu, wanaishi miaka. Kuna kitu nilisahau kukwambia mwanzoni, akishuka chini ya udongo usimguse. Najua wewe ni mwangalifu, hukumgusa. Nakwambia tu kwa ajili ya baadaye. Na kama ilitokea, si kosa lako hata kidogo, kosa ni la aliyekutumia bila kukueleza. Lakini haikutokea.

Kuhusu tarehe kumi, nimeelewa. Mvua zinakuja kubwa na chumba cha nyuma hakina bati, najua ndicho unachoogopa. Nipe hadi mwisho wa mwaka. Siwezi kuja mikono mitupu, Dada. Niliondoka hapo nikisema maneno makubwa mbele ya Mama na mbele ya majirani. Unataka nirudi niseme nini? Kila nikifikiria kusimama mlangoni pale, miguu inagoma.

Nisamehe. Nitakutumia majani mazuri ya kuoza, ya aina anayoipenda.

Mdogo wako,
Mpishi


Nyumbani
28 Mei

Mama Jongoo,

Huyu wa pili naye ameshuka. Tangu ashuke naweka kitambaa juu ya boksi, natembea kwa kunyata kama nyumba ina mtoto mchanga. Kijiko nimekificha. Jana nilikuta udongo umeinuka kidogo pembeni, nikajua yuko, nikaona raha.

Mtu wako wa udongo ndiye mdogo wangu. Nadhani ulishajua. Mimi najua hana hoteli, yeye anajua nilimuua wa kwanza, na tunaandikiana barua kama wageni rasmi, kila mmoja anamfunika mwenzake shuka lenye matundu. Ningetaka kumkasirikia. Hasira inataka nguvu.

Usimwambie kuhusu ugonjwa wangu, nakusihi. Wala usimwambie kwamba namjua. Ana aibu ya kuja bila bati, na mimi nikianza kumwita kwa habari ya kisu na damu atakuja akiwa amevunjika, halafu nitakuwa na watu wawili wa kuwanyanyua.

Nitaahirisha tena. Nimeshaandaa maneno ya kumwambia daktari. Ananipenda yule daktari, atafoka kisha ataniandikia vidonge vya damu.

Nikwambie kitu kingine, usinicheke. Jioni nikishamlaza Mama nakaa karibu na lile boksi namwonea wivu. Amechoka na gamba lake, amekwenda chini, amefunga mlango. Hakuna anayemwambia geuza, nyanyua, kola hii imepinda. Na nyumba nzima inanyata kwa ajili yake. Mimi nikijifungia chooni kidogo tu naitwa.

Mteja wako


Kwenye mabanda
7 Juni

Mteja,

Uliniambia nisimwambie. Sijamwambia. Hukunikataza kumfukuza, kwa hiyo nimemfukuza.

Ilikuwa hivi. Asubuhi nilimwita, nikampa boksi la majani na miti iliyooza, nikamwambia: kazi yako hapa imekwisha. Kuna mteja jongoo wake yuko chini, na hana mtu wa kumwangalia. Peleka hili kwa mkono wako, ukae hapo mpaka atoke. Akasoma anwani. Akaketi tena juu ya lile gunia lake.

Akasema, "Mama, pale siwezi kwenda. Siwezi kufika mikono mitupu."

Nikamwambia, "Mitupu vipi na umeshika boksi?"

Alilia kidogo. Nikajifanya natafuta mfuniko.

Ameniuliza kama mteja ni mgonjwa. Nikamjibu mimi nauza wadudu, siuzi habari. Lakini alipotoka aliliacha begi lake lote stoo, amekwenda na boksi na shati alilovaa, kwa hiyo nadhani kichwa chake kimeshajijibu. Barua hii itapanda basi moja naye, sijui kitakachofika kwanza.

Nimebaki sina wa kuchekecha udongo. Mgongo wangu nao si wa juzi. Usinishukuru, nitakasirika.

Nenda hospitali.

Mama Jongoo


Nyumbani
15 Juni

Dada,

Barua hii anakuletea jirani, maana simu yako umeniachia mimi nipige Mama akizidiwa. Amesema umeamka, umeongea, na umemfokea muuguzi kuhusu mshono wa shuka. Nikajua umepona nusu.

Ile jioni niliyofika sijaisahau. Ulifungua mlango, ukaniangalia mimi na boksi langu, nikawa nimeandaa hotuba nzima ya hoteli na bati. Ulinipa ncha mbili za shuka la Mama tukakunja. Usiku nikaona begi lako limefungwa karibu na mlango, nikaogopa kuuliza. Ulikuja kuniambia asubuhi, unatoka, kwa sentensi moja, kama mtu anayeaga kwenda dukani. Dada, ungeniandikia neno moja tu! Ningekuja kwa magoti. Halafu nakumbuka uliniandikia, tena si mara moja, na mimi nikakujibu habari za masufuria. Basi, nimenyamaza.

Hoteli hakuna, unajua. Na wa kwanza ulimfukua, najua. Nimeandika yote mawili tuyamalize.

Mama namnyanyua. Siku ya kwanza nilimshika vibaya tukaanguka wote kitandani, akaniita mjinga, neno zima, wazi kabisa. Mgongo wangu unauma sehemu nilizokuwa sijui kama ninazo. Nimefanya kazi yako siku sita na sijui umeifanyaje muda wote huu na kola juu yake.

Lakini kuna kitu kinanitisha, ndiyo maana naandika. Mama hali. Tangu juzi anageuza uso. Anatazama kitanda chako. Jana akanyoosha mkono wake mzima kwenye kitanda akasema, "Amekufa." Nikamwambia hapana Mama, yuko hospitali, atarudi. Akanyoosha mkono kwenye boksi. Akasema, "Yule alikufa. Ulileta mwingine." Hivyo hivyo, Dada. Alijua. Ule usingizi wake kitini haukuwa usingizi. Aliona kijiko, aliona ukilia sakafuni, akakuachia siri yako. Sasa anaona kitanda kitupu, anaona boksi limefunikwa kitambaa na hakuna anayetoka, na mimi namwambia kesho, kesho, kama ulivyokuwa ukimwambia wewe. Anadhani namdanganya. Anadhani ataletewa mwingine.

Nifanye nini? Nimefikiria nikodi gari nimlete wodini akuone. Au uwaombe wakuruhusu mapema, ukae tu hapa kitandani, usifanye kitu, akuone unapumua. Nimesimama juu ya hili boksi tangu asubuhi, Mungu anisamehe, mkono unaniwasha. Najisemea nimfukue kidogo tu, nimwonyeshe Mama kwamba yuko.

Sijamfukua. Nijibu haraka.

Mdogo wako


Wodini
16 Juni

Mdogo wangu,

Safari hii hukuandika Mpishi chini. Nimeona.

Ondoka kwenye boksi. Weka mikono nyuma.

Usimlete Mama, atachoka bure na njia. Na mimi siombi ruhusa. Daktari amesema bado, na kwa mara ya kwanza maishani sina haraka ya kubishana na mtu. Wamenitoa kitu kikubwa, nimekiona kwenye bakuli, nikashangaa nilikuwa natembea nacho. Sasa nimelala. Niko mweupe kama shuka, sina nguvu hata ya kujigeuza, na anakuja mtu kunigeuza. Ananigeuza, ananiosha, ananilisha. Leo asubuhi nilimtazama yule muuguzi macho makavu, bila hata asante, nikajikuta namwelewa Mama. Mtu anayenyanyuliwa kila siku ana hasira na huyo anayemnyanyua, na bado hawezi bila yeye. Mwambie hilo nimelijua.

Kuhusu kula, kaa naye mezani. Weka mkono wako wewe mbele yake, aushike, ausuke vidole akitaka. Usimlazimishe kijiko. Atakula akiwa ameshika kitu.

Halafu mwondolee kitambaa juu ya boksi, msogezee karibu, msomee sehemu hii polepole, akiwa anakutazama mdomo. Msomee neno kwa neno, usiongeze vichekesho vyako:

Mama, ni kweli yule wa kwanza alikufa. Nilimfukua kabla ya wakati wake. Huyu wa pili hajafa, yuko chini, anajivua. Mimi pia sijafa. Nimejichimbia. Nikitoka nitakuwa laini bado, wasinipe kazi mpaka nikauke. Usiwaruhusu waje kunifukua.

Nitatoka mwenyewe.

Mwanao